Mama Wanga, Udongo na Gari la Shemeji

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufua, kuanika, kukunja na kutukaripia, mkuu wa chumba cha kufulia cha hospitali yetu amestaafu. Siku yake ya mwisho kazini ilikuwa Ijumaa, tarehe thelathini Mei. Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike habari zake kwa sababu chumba cha ushonaji, ambako mimi hushona mashuka yaliyochanika, kimetenganishwa na chumba chake kwa ukuta wa mbao tu, na hakuna neno lililosemwa upande ule likakosa kufika upande huu. Wahenga walisema kuta zina masikio. Za kwetu zina yangu.

Jina lake la kazini ni Mama Wanga. Wafanyakazi wapya hushtuka wakilisikia, hasa wakiambiwa wakaripoti kwake kabla hakujapambazuka, maana kila mtu anajua wanga ni watu wa namna gani na hutembea saa ngapi. Ukweli ni kwamba jina lilitokana na wanga wa kutia kwenye nguo. Alipoajiriwa, makoti ya madaktari wetu yalikuwa yamelegea kama mchicha uliochemshwa. Akapika wanga kwenye sufuria, akauchuja, akayachovya, akayapiga pasi, na kesho yake madaktari wakapita ukumbini wamenyooka mpaka shingo. Mmoja alikuja kulalamika kwamba hawezi kuinama kumsikiliza mgonjwa. Ikabidi apunguze kidogo.

Alianza kwa kuanika nguo, akahamia kwenye mashine, kisha akakabidhiwa chumba kizima. Ndiye aliyeamua mashuka ya wodi ya watoto yafuliwe kabla ya mengine yote, na mpaka leo ndivyo ilivyo. Mwaka ule mashine kubwa ilipokufa na fundi wake akawa wa kesho, kesho kutwa, Mama Wanga alikunja mikono ya gauni akaingia kwenye karai, na timu yake ikamfuata. Hakuna mgonjwa aliyelala kwenye shuka chafu. Kazi ile ilimwachia mikono ambayo nyinyi nyote mnaijua, iliyokauka kwa magadi na maji ya moto, yenye nyufa zisizosikia mafuta. Niliwahi kumkataza kugusa gauni la harusi nililokuwa nalishona wakati wa mapumziko, maana kiganja chake kingenasa nyuzi. Alicheka, akalitazama kwa mbali, mikono ameifunga mgongoni.

Sheria yake ilikuwa moja: kilichoanguka kimeanguka. Shuka safi likigusa sakafu, hata kwa pindo, linarudi kwenye maji, na usimweleze kwamba sakafu imepigwa deki sasa hivi. Fundi umeme wetu aliwahi kuokota taulo, akalikung'uta na kulirudisha juu ya rundo, akidhani anasaidia. Rundo zima likafuliwa upya, na fundi akashukuriwa kwa upole wa namna ambayo ilimfanya atafute njia nyingine ya kupita.

Sasa nije kwenye habari ya gari, ambayo wengi mmeisikia nusunusu na kwa chumvi nyingi.

Kwa miaka mingi Mama Wanga alikuwa akiletwa kazini na mumewe, dereva wa teksi, kwenye gari la buluu. Sisi sote tulimwita Shemeji. Alikuwa na honi yake, mlio mfupi kisha mrefu, na ukiusikia unajua saa ya kazi imefika. Gari lile liling'aa mpaka unaona meno yako. Akishamshusha mkewe alibaki getini dakika chache akilifuta kwa leso na kututania kwamba mke wake anawafulia watu wote wa mji huu, ila gari la mumewe hajaligusa hata siku moja.

Miaka minne iliyopita presha ya macho ilimchukulia uwezo wa kuona. Lilianza jicho moja, likafuata la pili, na madaktari wetu walifanya waliloweza. Binti yao akashika usukani kila ilipobidi kutoka, gari likawa la kuegeshwa zaidi kuliko kuendeshwa. Mama Wanga akaanza kuja kwa basi. Shemeji hakuonekana tena getini kwetu, na tukimuulizia tulijibiwa kwamba ni mzima, anawasalimu.

Kumbe kila asubuhi mzee wa watu alikuwa anatoka uani na kupitisha kiganja juu ya gari lake, toka boneti mpaka buti. Jirani yao ni fundi wa kuchomelea madirisha. Vumbi la chuma lilikuwa likiruka ukuta, linatua kwenye rangi, linashika kutu na kung'ang'ania hapo, na juu yake unadondoka utomvu wa mti wa uani. Gari lilikuwa linaoshwa, tena vizuri. Kwa macho lilikuwa safi, na binti hakusema uongo alipomwambia baba yake hivyo. Lakini kiganja hakidanganywi. Shemeji alisema gari lina upele, kwamba wamelizembea kwa vile yeye haoni, na kwamba liuzwe kabla halijawa chuma chakavu.

Ndipo Mama Wanga alipomwomba jambo moja: siku ya mwisho ya kazi aje amchukue getini, kama zamani. Akakataa. Alisema hawezi kupelekwa mbele ya watu kwenye gari lenye ngozi ya msasa, maana asiyeona ni yeye, watu wa getini wana macho. Mama Wanga aliniambia hayo tukiwa tunakunja mashuka, kila mmoja ameshika ncha zake mbili. Alisema siku ya kwanza alishushwa pale na mtu yule, na hataki siku ya mwisho aondoke peke yake kwa basi kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Ilimuuma, na hakuficha.

Binti yao akaenda kuuliza kwenye duka la vipuri vya magari, akaambiwa dawa ya upele ule ni udongo, halafu nta. Mama Wanga alipotutangazia kwamba anakwenda kusafisha gari kwa udongo, mikono yetu ilisimama juu ya mashuka, zikabaki kufanya kazi mashine tu. Mtu ametumia maisha yake yote kutoa udongo kwenye nguo, leo anataka kuupaka kwenye gari. Mpiga pasi mkuu, tunayemwita Pasi, ambaye ndiye anarithi kiti chake, alimuuliza kwa heshima zote kama kustaafu kumeshaanza kupanda kichwani.

Siku chache baadaye akaja nao atuonyeshe. Si udongo wa kufinyangia chungu. Ni kitu cha kijivu, laini, ukubwa wa sabuni ya kuogea iliyotumika nusu, ukikibonyeza kinabonyea. Alikuwa ameshamaliza milango na buti, zimebaki boneti na paa. Akauweka kwenye kisahani dirishani ili tuuone wakati wa chai, akaenda wodini kuhesabu blanketi.

Kisahani kile, jamani, ni cha sabuni ya madoa. Kimekuwa cha sabuni ya madoa tangu Pasi aajiriwe. Na asubuhi ile koti la daktari wa upasuaji lilikuwa na doa la wino mfukoni. Pasi, aliyekuwa bado hajauona ule udongo, akachukua kilichokuwa kwenye kisahani, akalowesha mfuko, akasugua. Doa halikutoka. Akasugua kwa nguvu zaidi, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, doa sugu halibembelezwi. Mama Wanga aliporudi, udongo wake ulikuwa umeota manyoya ya pamba kama kifaranga, na koti lilikuwa limeingiwa na kijivu ambacho hakijawahi kutoka. Mfuko ule niliung'oa mimi na kushona mwingine.

Tulingoja radi. Aliutazama udongo, akamtazama Pasi, akasema kilichoanguka kimeanguka, akautupa kwenye pipa. Hakumgombeza. Angemgombeza tungepumua. Jioni aliniambia kwamba duka limeishiwa mpaka mwezi ujao, na kwamba basi nalo ni usafiri.

Pasi hakula chakula cha mchana kesho yake. Alizunguka maduka ya vipuri ya mji mzima, na Jumamosi asubuhi akabisha hodi nyumbani kwa Mama Wanga na kipande kipya kimefungwa kwenye leso safi. Nilimsindikiza. Wapo watakaosema ni umbea, na siwezi kuwapinga.

Nyumba yao ina ua wa saruji na baraza fupi. Shemeji alikuwa barazani na redio yake, akatupokea vizuri, lakini kwenye habari ya gari alitwambia tunajisumbua. Mama Wanga akachukua ndoo. Tulisukuma gari kivulini, tukaliosha kwa sabuni, tukalisuuza, tukalikausha. Kisha akamfundisha Pasi. Unapulizia maji yenye sabuni ya kuteleza sehemu ndogo, kiasi cha kitambaa cha meza. Unautandaza udongo kiganjani, unautelezesha kwenda na kurudi, hukandamizi. Uache udongo ufanye kazi yake, alisema, wewe ni wa kuusindikiza tu. Ukichafuka unaukunja kama unga wa chapati, upande safi ukae nje. Kwa Pasi, ambaye maisha yake yote ni kukandamiza, huo ulikuwa mtihani.

Mwanzoni udongo ulilia juu ya rangi, kwaru kwaru, kama mtu anayekwangua ukoko. Baada ya kupita mara kadhaa mlio ukafifia, halafu ukapotea kabisa. Mara nikagundua redio nayo imepotea. Shemeji alikuwa ameipunguza sauti na kugeuza sikio. Tulipohamia kwenye boneti alisema, kama mtu anayejisemea mwenyewe, kwamba pale karibu na taa ya kushoto bado. Pasi akarudia. Palikuwa bado kweli.

Paa likaisha, boneti ikafika nusu, na Pasi, jasho linamtoka, akauangusha udongo. Ulidunda kidogo kwenye saruji na kutulia. Hatukusogea. Ukishagusa chini umebeba mchanga, ukiurudisha kwenye gari unachora mistari. Pasi alinitazama mimi, mimi nikatazama mti. Sheria ilikuwa inajulikana, na udongo mwingine haukuwepo mjini.

Mama Wanga akatia mkono mfukoni, akatoa nusu nyingine. Alikuwa ameukata asubuhi, kabla hatujaanza. Alisema amefanya kazi na Pasi miaka kumi na mbili, si jana. Shemeji alicheka barazani mpaka akakohoa, na binti yake alitoka jikoni kuangalia kuna nini, maana kicheko kile alikuwa hajakisikia muda mrefu.

Nta tuliipaka mchana, palepale kivulini, nyembamba, kama unavyompaka mtoto mchanga mafuta. Ikikauka inafanya ukungu, unaufuta kwa kitambaa laini, na chini yake rangi inarudi. Gari lilikuwa linaonyesha mawingu. Mama Wanga akamwambia mumewe aje aguse. Akasema ataligusa siku atakayotaka yeye, kisha akaongeza sauti ya redio. Tukaondoka bila jibu.

Hivyo Ijumaa ya tarehe thelathini, zawadi zimekwisha kutolewa na hotuba zimekwisha, tulimsindikiza Mama Wanga mpaka getini bila kujua tunamsindikiza kwenye nini. Alikuwa na mfuko wake wa zawadi mkono mmoja, nauli ya basi mkono mwingine. Basi lake likaja. Kondakta akaita. Mama Wanga akatazama barabara upande wa kwao, akaanza kushuka ukingo wa njia.

Tukasikia honi. Fupi, kisha ndefu.

Aliyekuwa kwenye usukani ni binti, lakini mkono uliokuwa juu ya honi ulinyooshwa kutoka kiti cha pili. Shemeji alishuka amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na kwenye mfuko wa kifua alikuwa na nailoni nyembamba ya mkate. Alituita mmoja mmoja, akatuvisha nailoni ile kiganjani, akatuongoza tupapase boneti, kwa sababu ukipapasa kupitia nailoni, chembe hata iwe moja huisikii tu, unapigana nayo kikumbo. Hatukusikia chembe. Aliwapapasisha walinzi, akampapasisha fundi umeme, akampapasisha na kondakta aliyekuwa ameshuka kuona foleni ni ya nini. Kila mmoja aliposema ni laini, yeye aliitikia kwamba anajua, aliligusa Jumamosi ileile watu walipolala.

Kisha akauliza mwenye gari yuko wapi. Mama Wanga akampa mkono. Shemeji aliupokea, akaupitishia kidole gumba taratibu kwenye zile nyufa za magadi, mbele yetu sote, na akamwambia kwamba gari amelitengeneza vizuri sana, ila huu mkono asije akathubutu kuugusa kwa udongo wala nta. Ukiwa laini, alisema, mimi nitakujuaje?

Pasi alijifanya anatafuta kitu chini.

Mama Wanga, umetufulia, umetunyoosha, na umetufundisha kwamba cha kubembelezwa hakikandamizwi. Kwa niaba ya chumba cha kufulia, ushonaji na wodi zote, tunakushukuru. Kalale mpaka jua lichomoze, mpande gari lenu mwende mnakotaka, na Mungu awape afya nyote wawili. Na mkono wako, mama, ubaki hivyohivyo.