Naftaly Muturi Mbugua, Aliyehesabu Hatua za Ng'ombe

Mchungaji ataomba simu zote zizimwe. Nimemwomba ruhusa: hii moja niliyoshika haizimwi, na mkinivumilia mtajua kwa nini. Mimi ni Sue, dada mkubwa wa marehemu. Nimeambiwa wasifu husomwa kwa upole. Nitajaribu, lakini maisha ya Naftaly hayasomeki kwa kunong'ona!

Alizaliwa Elburgon tarehe 14 Machi 1986, kitinda mimba wa marehemu Mzee Mbugua, fundi wa msumeno katika kiwanda cha mbao, na Mama Mugure, ambaye tuko naye hapa.

Alianza shule ya msingi Elburgon mwaka wa 1992. Akiwa darasa la tatu alikosekana shuleni siku mbili. Kumbe alikuwa malishoni akimfuata ng'ombe wetu Malkia, akihesabu hatua! Kila hatua mia, punje moja ya mahindi ilihama kutoka mfuko wa kushoto hadi wa kulia. Alirudi akatangaza kwamba Malkia akitaka dume hutembea karibu mara mbili ya kawaida. Nilimcheka hadi machozi, nikamwita karani wa ng'ombe. Ndugu zangu, nilikuwa nacheka kampuni! Alimaliza sekondari mwaka wa 2003, na shahada ya kompyuta chuoni Njoro mwaka wa 2009.

Mwaka wa 2012 alianzisha kampuni hiyo, Hatua. Mkanda shingoni mwa ng'ombe unahesabu hatua, kisha simu ya mkulima inapata habari kwamba wakati wa kupandisha umefika. Mikanda arobaini ya kwanza ilituma ujumbe kwa Kiingereza. Mama akadhani ni tangazo, akafuta, na ng'ombe akapitisha siku zake. Naftaly alipouliza, Mama akamjibu, "Muturi, ng'ombe wangu amesoma. Mimi ndiye sijasoma."

Naftaly alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaona haya kabisa. Aliikusanya tena mikanda yote arobaini, boma kwa boma hadi Mau Narok, akiomba msamaha kwa mdomo wake. Ujumbe ukawa sauti, kwa lugha ya nyumbani, na nambari ya kupiga ukiwa na swali. Tangu siku hiyo hakuna kitu kilichotoka Hatua kabla Mama hajaweza kukitumia bila kuuliza mtu. Nimeona wahandisi wenye digrii mbili wakitetemeka jikoni kwake, chai inapoa!

Tarehe 6 Desemba 2014 alimuoa Jepkemei, daktari wa mifugo aliyeingia ofisini kumwambia mkanda wake unachubua ng'ombe shingo. Alimshukuru, akaurekebisha, akamposa, kwa mpangilio huo. Walijaliwa watoto wawili.

Agosti 2024 alipatikana na saratani ya kongosho, akatibiwa Nakuru. Nambari ya wateja alikuwa akiishika mwenyewe kila asubuhi, kwa hivyo washirika wake wakapendekeza ijibiwe na sauti iliyorekodiwa. Alikataa katakata. "Sue," aliniambia, "mtu ng'ombe wake akiwa na shida hataki kubonyeza moja. Anataka mtu. Simu isizimwe." Niliahidi, bila kujua nani ataishika. Mimi hata kamba ya ng'ombe naogopa. Alituacha Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, saa nne asubuhi. Inauma, aki.

Jumanne iliyopita, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, simu hii ililia. Ililia tena, na mimi nimeganda nayo mkononi. Mama akainuka, akaninyang'anya.

"Ndiyo, ni Hatua. Hapana, baba, Muturi hayuko. Mimi ni mama yake. Ng'ombe amesimama namna gani?"

Aliongea naye dakika kumi. Alipomaliza hakunirudishia. Leo nimeazima tu, niwaonyeshe.

Ameacha mjane wake Jepkemei, watoto wake Abby na Kibii, mama yake Mugure, mimi dada yake, na wakulima wengi wenye nambari hii.

Pumzika kwa amani, karani wetu. Simu imepata mtu.