Hester Pargeter, Dada Aliyemwonyesha Nduguye Shekspia

Wapendwa waombolezaji, dada yetu Hester Pargeter alizaliwa hapa Stratford tarehe 9 Machi 1938, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Amos Whitlow, fundi viatu na mhubiri wa kanisa letu la Kimethodisti, na nduguye pekee ni huyu Silas, mwokaji mikate, anayewasomea haya.

Alisoma hapa hapa mjini hadi Julai 1953, na tarehe 3 Januari 1955 akaajiriwa kushona mavazi ya waigizaji katika ukumbi wa michezo ulio kando ya mto, jambo lililomfanya baba amfukuze mezani pake, kwa kuwa kwetu ukumbi ulihesabiwa sawa na kilabu cha pombe. Aliolewa na Leonard Pargeter, fundi wa taa, tarehe 10 Juni 1961, wakajaliwa binti mmoja, Maud, aliyetutangulia mwaka 1979, na Leonard akamfuata mwaka 1981.

Baada ya misiba hiyo Silas alimtembelea kila Jumatatu, wakawa wanatazama Shekspia katika televisheni, na Silas alipolalamika kwamba haambulii kitu, Hester alimwambia, "Wee Silas, acha kupigana na maneno, tazama nani anamwogopa nani." Basi akaanza kuelewa, hata akawa anawagombeza waigizaji mdomo umejaa mkate.

Tarehe 14 Aprili 1984 Hester alimpeleka ukumbini, naye Silas akayasahau maonyo ya baba akaingia, na mfalme mzee alipoanza kuwagawia binti zake nchi, Silas, aliyezoea kanisani kumwitikia mhubiri kwa sauti, aliinuka akapaza, "Mzee, usiwape! Watakufukuza!" Watu wakaangua kicheko, na mmoja wa nyuma akasema, "Kaa chini, mhubiri, umetuharibia mwisho!" Silas akatoka, akamwambia dada yake mlangoni, "Umenileta nichekwe na wapagani," na hakukanyaga tena ukumbini wala kwa dada yake kwa miaka ishirini na minne, na tiketi alizotumiwa kila mwaka alizitia katika tanuri la mikate, hilo anaungama.

Februari 2008 Hester aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, na Silas alipokwenda hatimaye hospitali, dada yake alimwambia, "Maua yako sitaki. Nenda kaone mchezo wa mchana, uje unisimulie, na safari hii ucheke wewe."

Hester alifariki Alhamisi tarehe 22 Mei 2008, saa kumi na dakika kumi alasiri, akiwa peke yake, na kwa kuwa jamaa wengi mmeuliza Silas alikuwa wapi, anasema kweli mbele za Mungu kwamba alikuwa ukumbini, safu ya tano, akicheka hadi machozi, na mpaka leo hajui atubu vipi furaha ile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta supu, na washonaji wenzake waliomvika gauni aliloshona mwenyewe.

Mchezo ulikuwa mzuri, Hester. Pumzika kwa amani ya Bwana.