Kompyuta ya Katibu Inaenda Kupondwa

Kijiwe chetu kiko Katoro, kwenye benchi la mbao lililoegemea ukuta wa saluni, karibu na njia ya sokoni. Kahawa anauza Bartholomeo, kashata anauza Hosiana, na maneno ya maana natoa mimi. Hilo hata wanaonichukia wanakubali. Shule niliiacha kidato cha pili, mpaka leo naamini inanililia. Jina langu Herman, lakini ukimuulizia Herman utazungushwa mji mzima. Ulizia Dokta, fundi simu. Asubuhi ninayoisimulia nilikuwa nimekaa pale nimekunja nne, kikombe mkononi, na moyo unakimbia kama bodaboda aliyeona trafiki.

Sababu nakupa wewe tu unayesoma, kwa kuwa hupo kijiweni na huwezi kunicheka usoni. Mtaa mzima unaamini simu nazifufua kwa sindano na kipaji. Zile za kubadilisha kioo, sawa. Lakini simu iliyogoma, inayowaka ikaonyesha nembo ya kampuni na kuganda hapohapo, sindano haiisaidii kitu. Inachomekwa waya kwenye kompyuta, inapakiwa programu upya, ndipo inaamka. Na kompyuta ninayotumia si yangu. Ni ya Selestine, tunayemwita Katibu, mwenye duka la kuchapa barua na kutoa kopi. Meza yangu iko barazani kwake, na ufunguo wa duka mmoja anao yeye, mmoja ninao mimi. Yeye anajua naingia asubuhi kuweka nyimbo kwenye memori kadi. Mengine hayajui, maana kijiweni mimi ndiye niliyeibatiza kompyuta yake jina la kabati la chuma.

Sasa asubuhi hiyo, ndani ya duka lililofungwa, simu ya Mama Bhoke ilikuwa imechomekwa kwenye hilo kabati. Nilipoiacha nikaja kunywa kahawa, mstari wa kijani kwenye skrini ulikuwa haujafika nusu. Waya ukichomoka katikati, simu inageuka kipande cha tofali. Na Mama Bhoke si mteja wa kawaida. Ndiye mama wa Bhoke, na Jumamosi wazee wangu wanapeleka posa. Alishaniambia mwenyewe sokoni, mkono mmoja kwenye kopo la kupimia dagaa:

— Kijana anayeshindwa kunirudishia simu, nimpe binti yangu akampoteze wapi?

Ndipo akaja Katibu, ameongozana na Ngusa. Ngusa ana mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, karasha, na hapa kijiweni jina lake ni hilohilo. Nyuma yao akapaki pikipiki Meshack, tunayemwita Bubu kwa sababu akiongea neno moja kwa siku, siku hiyo ameongea sana.

Karasha: Mwangaluka, wanawane, mmeamkaje? Kompyuta ya Katibu nimeinunua. Tunywe kimoja kimoja hapa, twende tukaichukue.

Kikombe kikanigonga meno.

Mimi: Wewe unaenda kuandika nini, Karasha? Mpaka leo unatia sahihi kwa dole gumba.

Karasha: Siendi kuandika. Naenda kuiponda.

Hosiana: Kuiponda?

Karasha: Ndani mna vibao vya kijani, vina meno ya dhahabu. Kuna jamaa kule Runzewe ameponda kumi na kitu, sasa anajenga. Mimi naitia kwenye karasha na skrini yake, nasaga unga, nachanganya na mawe ya duara langu, shimo langu la dhahabu, nachenjua mpaka dhahabu ijitenge.

Bartholomeo: Na kioo nacho unakisaga?

Karasha: Dhahabu huwezi kujua imejificha wapi.

Hosiana: Katibu, na wewe umekubali?

Katibu akakipuliza kikombe ambacho hata hakikuwa na moto.

Katibu: Nifanye nini, Hosiana? Barua za kuomba kazi vijana wanaandikia kwenye simu. Kadi za harusi zinatumwa kwenye simu. Wanakwaya walikuwa wanakuja kwangu kuchapa nyimbo. Jumapili nimewaona wanaimba wameshika simu, nyuso zinamulikwa kwa chini kama watu wanaotafuta shilingi. Wiki hii ameingia mteja mmoja, akaomba chaji. Mke wangu Generoza anasema turudi Ushirombo tukalime. Mimi jembe nililiacha zamani, sijui kama litanikumbuka.

Watu wakaangalia vikombe vyao. Kimya ndicho kitu nilichokuwa nakiogopa kuliko vyote, maana kimya kikizidi watu husimama. Nikapiga hesabu zangu: mstari wa kijani unahitaji muda, na muda wa bure kijiweni unaitwa ubishi.

Mimi: Katibu, unakosea. Kompyuta haijafa.

Hosiana karibu amwage kashata. Huyu ndiye tunayemwita Redio, na sababu yake ni kwamba hasahau taarifa ya habari.

Hosiana: Wewe si ndiye uliyesema jana, umekaa hapohapo, kwamba mwenye kompyuta siku hizi ni kama mtu anayefuga punda katikati ya pikipiki?

Mimi: Jana nilikuwa sijanywa kahawa.

Bartholomeo: Ulikunywa mpaka nikaongeza maji.

Mimi: Basi ilikuwa imezidi. Leo nisikilizeni vizuri. Simu unaiona ina akili, lakini akili si yake. Imeazimwa. Kila simu unayoiona ina kompyuta yake mahali fulani, inailea kama mama. Ukizima kompyuta zote, jioni simu zitakuwa zinatangatanga kama ng'ombe waliokosa mchungaji.

Karasha: Yangu ina mama?

Mimi: Yako ina mama wa kambo, ndiyo maana chaji haikai.

Wakacheka. Katibu hakucheka, lakini alikaa. Mstari wangu nikauona kwa macho ya moyoni unasogea kidogo.

Bartholomeo: Mimi naipendea kompyuta kitu kimoja. Haikwapuliwi. Nani atakukwapulia kompyuta akimbie nayo katikati ya soko?

Hosiana: Halafu simu inasikiliza. Nimemwambia dada yangu nataka sufuria, kesho yake simu yangu imejaa masufuria. Kompyuta ya Katibu haina masikio. Mtu mwenye siri zake aende akaongelee mbele ya kompyuta.

Karasha: Kwa hiyo wenye siri ndio wanaozificha?

Hosiana: Ndiyo. Unadhani ofisi kubwa kwa nini hazitupi kompyuta? Wanazo simu, tena kubwa kama sinia. Lakini siri wanaweka kwenye kompyuta, wanafunga mlango, wanawasha na kiyoyozi isitoke jasho.

Mimi: Mwambie, Redio. Na ule mgodi mkubwa wa chini kwa chini, unadhani lifti inayoshusha watu inaendeshwa na simu? Mke wa mtu apige kuulizia chumvi, lifti isimame katikati ya mwamba?

Bartholomeo: Hapo kuna ukweli.

Mimi: Huo ndio ukweli wenyewe. Simu inapokea kila anayepiga. Kompyuta ina msimamo.

Nilikuwa naongea vizuri, sijisifu, lakini mgongoni shati lilikuwa limeganda. Kila pikipiki iliyopita nilidhani inaenda dukani. Karasha akamaliza kikombe chake, akakikung'uta chini.

Karasha: Maneno mazuri. Katibu, twende.

Mimi: Kaa kwanza.

Karasha: Nikae niangalie nini? Mashine imewashwa kunisubiri.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Karasha kwa undani. Huyu mtu haingii kwenye duara lake akiwa amekutana na paka. Kiatu cha kushoto ndicho cha kwanza. Mwaka juzi alifunga kazi wiki nzima kwa sababu mtu mmoja alipita juu ya shimo anapiga mluzi. Nikasogea, nikashusha sauti ya kidaktari.

Mimi: Karasha, mali ikitajwa sana inakuwaje?

Karasha: Inashuka chini.

Mimi: Ikisikia inapigiwa hesabu?

Karasha: Inahama.

Mimi: Sasa hii ya kompyuta tumeitaja tangu umefika. Umetangaza meno ya dhahabu mbele ya saluni nzima. Umeshataja mpaka jamaa wa Runzewe. Ukiichukua leo utasaga bati. Iache ilale, tusiiseme, kesho alfajiri ukaibebe kimyakimya.

Karasha akanitazama muda mrefu. Akamwinamia Katibu, akamnong'oneza. Katibu akaingiza mkono mfukoni, akautoa. Karasha akageukia upande wa pikipiki akakohoa mara moja. Kisha akakaa, akaomba kahawa nyingine.

Nikajua nimeshinda. Nikanyoosha miguu mpaka upande wa Bubu, maana palikuwa na nafasi. Nikaendelea kuwapa vitu: kwamba kompyuta ndizo zinazouambia mtandao wa simu unyeshe wapi kama mvua, kwamba siku moja simu zote zitaitwa nyumbani kwa mama yao na sisi tutabaki tunapigiana filimbi. Bartholomeo alikuwa amesimama na birika mkononi anasikiliza mdomo wazi. Hata Hosiana alianza kuniogopa. Na mstari wa kijani, kwa hesabu zangu, ulikuwa umebakiza kidogo sana.

— Dokta.

Ile sauti naijua. Nikakunjua miguu, nikasimama.

Mimi: Shikamoo mama.

Mama Bhoke: Marahaba. Nimetoka mezani kwako, haupo. Watu wangu wa Masumbwe wananipigia, hawanipati, wanaenda kununua dagaa kwa wengine. Picha za mjukuu wangu zimo humo. Sauti za marehemu mama yangu zimo humo. Simu yangu iko wapi?

Mimi: Iko sehemu salama kabisa, mama. Iko kwenye mikono ya kitaalamu.

Mama Bhoke: Mikono yako si hii hapa imeshika kikombe?

Hosiana akaangalia pembeni ili asicheke. Nikakiweka kikombe benchini, nikaanza kuandaa jibu la kitaalamu. Kabla sijalitoa, ikasikika pikipiki inapunguza mwendo.

Alikuwa Bubu. Kwenye kerea, limefungwa kwa mipira, kasha la kompyuta ya Katibu. Kwa nyuma yake ulining'inia waya mweupe, na mwisho wa waya simu yenye kava ya zambarau, ikigongagonga ubao wa namba.

Karasha: Nimemtuma mapema na ufunguo wa Katibu. Tulivyokuwa tunaisema, nikaona bora ichukuliwe kabla haijasikia mengi.

Bubu akazima pikipiki. Akaongea maneno ya mwezi mzima.

Bubu: Nilikuta inawaka, nikachomoa umeme. Hiki kilikuwa kimeng'ang'ania nyuma. Nikaona nisiwatenganishe.

Mama Bhoke akasogea, akaishika simu yake bila kuichomoa. Akabonyeza. Nyeusi. Akabonyeza tena, akaiweka kifuani kama mtu anayesikiliza mtoto anavyopumua.

Mama Bhoke: Ilikuwa inafanya nini kwenye hili kabati?

Katibu akautazama waya. Akaufuata kwa macho kutoka simu mpaka kasha, kutoka kasha mpaka kwangu.

Katibu: Ni hii tu, au ni zote?

Mimi: Zote zipi?

Katibu: Ulizofufua, Dokta. Ya mwalimu. Ya huyu Ngusa. Ya Generoza wangu.

Ningeweza kudanganya. Akili ilinipa uongo mzuri wa aina mbili papohapo. Lakini Mama Bhoke alikuwa ananitazama, na Jumamosi iko karibu.

Mimi: Zote.

Karasha akatoa simu yake mfukoni, akaigeuza nyuma na mbele kama anaiona leo. Katibu hakunitukana. Alianza kufungua mipira, mmoja baada ya mwingine.

Karasha: Katibu, tumeshapatana.

Katibu: Subiri, Ngusa. Subiri kwanza.

Bartholomeo akataka kutuliza mambo kwa kahawa. Akainamisha birika kwenye kikombe changu, yakatoka machicha.

Mimi ndiye niliyelibeba kasha kurudi dukani, begani, kupita mbele ya saluni, mbele ya wateja wangu wote. Mama Bhoke alikataa katakata kuchomoa waya. Amesikia kuchomoa ndiko kulikoharibu. Basi tukaenda hivyo, mimi mbele, yeye nyuma ameshika simu kwa mikono miwili, waya mweupe katikati yetu, tukitembea hatua sawa usikatike. Katibu alitangulia na ufunguo. Karasha alifuata kwa mbali, anaogopa kuiacha mali yake na anaogopa kuikaribia.

Mama Bhoke: Herman.

Hakuwahi kuniita hivyo.

Mimi: Naam, mama.

Mama Bhoke: Itawaka?

Mimi: Itawaka, mama, nikianza upya, kompyuta hii isipopondwa.

Nikamwangalia Katibu, Katibu akamwangalia Karasha, Karasha akaangalia chini.