Mwalimu Kipimajoto na Vyeti Thelathini na Vinane

Huyu tuliyemsindikiza leo aliingia duniani Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya fundi majokofu. Fundi huyo alikuwa baba yake, na yeye alikuwa kifungua mimba wa watoto wanne. Kitinda mimba ndiye anayesoma maneno haya, na anaomba radhi mapema: Dada hakupenda sifa zisizo na kipimo, kwa hiyo hapa hatasifiwa kwa jambo lisilo na ushahidi.

Alipokuwa na miaka tisa, siku ya joto kali, alifungua mlango wa jokofu la mteja ili nyumba ipoe. Baba hakugomba. Alimshika mkono akamgusisha upande wa nyuma wa jokofu.

"Unasikia joto hilo? Jokofu halitengenezi baridi, mwanangu. Linahamisha joto, linalipeleka lisikotaka kwenda, na hiyo ni kazi, ndiyo maana mashine inanguruma. Ukiacha mlango wazi, nyumba itazidi kuchemka."

Mtoto mwingine angefunga mlango. Yeye aliuacha wazi mpaka jioni, ahakikishe. Nyumba ilichemka kweli. Maziwa ya mteja yaliharibika, na maneno aliyoyasema mteja hayafai kuchapishwa katika ratiba ya mazishi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958, kisha sekondari ya bweni, ambako wasichana watatu walisoma kitabu kimoja cha kemia kwa zamu. Zamu yake ilikuwa alfajiri kabla ya kengele. Mwaka 1972 alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu Novemba 1974. Huko ndiko alikokutana na entropia. Mkufunzi alisema entropia ni vurugu, naye akanyoosha mkono kupinga: si vurugu, ni hesabu ya namna ngapi vitu vinaweza kujipanga, na namna zikiwa nyingi, huko ndiko vitu vinakoelekea. Mkufunzi alimwambia akae chini. Alikaa, lakini hakubadilisha jibu.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Agosti 1978, na fundi saa aliyekuwa amemchumbia kwa miaka sita. Watu walichoka kusubiri zaidi kuliko wao wenyewe. Shangazi alipomuuliza kama huyo bwana kweli ana nia, alijibu, "Shangazi, msumari unaota kutu wenyewe bila kusukumwa na mtu, lakini haumalizi kwa siku moja. Kujiendea ni jambo moja, haraka ni jambo lingine." Shangazi aliondoka akilalamika kwamba binti amelinganisha ndoa na kutu. Shemeji yupo hapa, na ni shahidi kwamba miaka arobaini na minne haikuwa ya kutu.

Januari 1975 alianza kufundisha kemia katika sekondari iliyo jirani na kiwanda cha sabuni, na hapo hapo alistaafu mwaka 2011. Wanafunzi walimbatiza jina la Kipimajoto, kwa sababu hakuna aliyetoka maabara yake bila kuandika namba. Sheria yake ilikuwa moja: andika ulichokiona.

Sheria hiyo ndiyo iliyomletea jaribu kubwa la maisha yake. Novemba 1988, katika mtihani wa vitendo, watahiniwa walitakiwa kuyeyusha kloridi ya amonia katika maji, kupima halijoto, kisha kueleza kwa nini chumvi hiyo inayeyuka yenyewe. Mwalimu mwenzake alimnong'oneza mapema kwamba wasahihishaji wanaamini kila kinachojiendea hutoa joto. Shule nyingine ziliwaelekeza wanafunzi waandike kwamba halijoto imepanda. Asubuhi ya mtihani, binti mmoja waliyemwita Kasuku kwa wingi wa maswali alimfuata mlangoni.

"Mwalimu, niandike wanachokitaka au nitakachokiona?"

"Andika utakachokiona."

Wote thelathini na wanane waliandika kwamba halijoto ilishuka, kutoka nyuzi ishirini na tano hadi kumi na saba. Machi 1989 matokeo yalitoka. Wote thelathini na wanane walipewa sifuri, na pembeni pameandikwa kwamba walibuni majibu.

Siku ile Dada hakula. Alisema, "Ni mimi niliyewafelisha. Walinisikiliza." Kesho yake alipanda basi akiwa na chupa ya chumvi, bilauri na maji, akaenda ofisi ya mitihani. Alikaa kwenye benchi la korido siku tatu. Siku ya kwanza aliambiwa mkubwa yuko kikaoni, ya pili yuko safarini, na ya tatu mkubwa mwenyewe alitoka kwenda kunawa mikono na kumkuta mlangoni.

"Mama, kitu hakiwezi kujiendea huku kinanyonya joto," alisema mkubwa huyo, ambaye ndiye mkuu wa usahihishaji. "Watoto wako walidanganya, au vipimajoto vyenu ni vibovu."

Dada alimimina maji katika bilauri, akamkabidhi, kisha akatia chumvi na kukoroga.

"Inakuwaje?"

"Inapoa." Akaibadilisha mkono. "Inapoa sana."

"Nani anaisukuma?"

"Hakuna."

"Kipimajoto kibovu kiko wapi? Mimi sijaweka kipimajoto. Nimeweka mkono wako."

Kisha akamfundisha palepale koridoni, mkubwa kasimama na bilauri kama mtoto aliyetumwa. Alimwambia asihesabu joto peke yake. Chumvi ikiwa punje, chembe zake zimebanana na kupangwa. Zikiingia majini zinatawanyika na kupata namna nyingi mno za kukaa. Hiyo ndiyo entropia inayoongezeka. Kila moli ya chumvi ile, yaani kama gramu hamsini na tatu, hunyonya joto la kilojuli kumi na tano hivi. Ongezeko la entropia yake, ukilizidisha kwa halijoto ya kelvini, linafika kilojuli ishirini na mbili. Kumi na tano ukitoa ishirini na mbili unapata hasi saba. Hasi hiyo ndiyo kushuka kwa nishati huru, yaani nishati iliyo tayari kufanya kazi, na nishati huru ikishuka, jambo linajiendea lenyewe hata kama linanyonya joto.

"Barafu mezani kwako inayeyuka kwa kutoa joto au kwa kulinyonya?" alimalizia.

Mkubwa aliiweka bilauri kwenye benchi. "Mwongozo wa kusahihisha niliuandika mimi," alisema.

Ilichukua barua kumi na tisa na miezi kumi na minane, lakini Septemba 1990 vyeti vipya thelathini na vinane vilitolewa. Wakati huo wanafunzi walikuwa wamesambaa kila upande. Shule ilitaka kuviweka kabatini mpaka wenyewe waje. Dada alikataa. Alisema watu kutawanyika hakuhitaji msukumo, lakini kuwarudisha kunahitaji mtu afanye kazi, na mtu huyo ni yeye. Likizo kwa likizo aliwafuata: mmoja alimkuta anachoma matofali, mwingine anauza mitumba, mwingine amelazwa wodi ya wazazi akampa cheti na kumshikia mtoto. Miaka ikapita. Alipata wote, isipokuwa mmoja, ambaye cheti chake kilibaki kwenye bahasha.

Figo zake zilianza kushindwa Mei 2020. Mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na hata hapo hakunyamaza. Alimweleza muuguzi kwamba uchafu unavuka utando wenyewe, kutoka ulipo mwingi kwenda ulipo haba, na kazi ya mashine ni kusukuma damu na kubadilisha maji tu. Muuguzi akasema, "Mwalimu, basi nipunguziwe zamu." Walicheka hadi mashine ikapiga kengele.

Aliaga dunia Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sabini na miwili. Neno lake la mwisho kwa mdogo wake anayesoma haya lilikuwa agizo: "Bahasha usinizike nayo." Tumelia, na bado tunalia, lakini agizo tumelishika.

Ameacha mume, binti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu watano, wadogo zake watatu, na Kasuku, mtahiniwa namba 0019, ambaye alipoteza nafasi ya chuo cha uuguzi kwa kuandika ukweli, na ambaye leo atakuwa mama wa miaka hamsini na kitu. Dada alimtafuta miaka thelathini na mitatu. Sasa tunamtafuta sisi.

Yeye amemaliza kazi yake, na astarehe kwa amani. Nawe Kasuku, kama umesimama huko nyuma, usiondoke. Pita mbele. Cheti chako kiko mfukoni mwangu, na ulichokiona siku ile ndicho kilichotokea.