Ng'ombe wa Ukurasa wa Tisini

Foleni ya vifurushi pale Kitale ilikuwa haisongi, na mbele yangu mzee mwenye miche ya parachichi alikuwa amekasirika kwa niaba ya mama mmoja, mwandishi wa riwaya, ambaye alikuwa amejuana naye kwa dakika kumi tu.

"Huyo mhakiki amekuanika kwa gazeti, madam. Ati ng'ombe wako alikufa ukurasa wa kumi na mbili, halafu anakamuliwa ukurasa wa tisini. Na wewe unamtumia nakala nyingine Bungoma, kusema asante? Si angekupigia tu simu!"

"Angenipigia, mchapishaji wangu Gurdev hangejua," mama akajibu, amekumbatia bahasha. "Gurdev ana duka moja na mashine moja. Aliposoma gazeti alifunga duka, yeye na bibi yake wakaketi na gundi, wakabandika ukurasa mpya kwa kila nakala. Mia tatu! Kampuni kubwa ingeniambia ningoje toleo la pili."

"Hata hivyo ni aibu, bana."

"Mzee, bwanangu aliniambia kitabu ni kitamu mwanzo hadi mwisho. Kanisani walinipigia makofi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza hayo maziwa yalitoka wapi."

Dirisha likafunguliwa, mama akaitwa, mzee akabaki akitikisa kichwa. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nyumbani nina riwaya tatu za marafiki, na zote nimezisifu sana, hata ile ambayo bado imefungwa kwa nailoni.