Kilo Nane na Robo

Zima hiyo redio. Usiipunguze, nimesema zima. Na wewe kifungua mimba, vua hiyo miwani ya jua, uko chumbani kwa baba yako, hauko harusini. Sogeeni. Kaeni hapo ukingoni mwa kitanda, dada yenu akae kwenye kiti, na mnisikilize wanangu, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo ni ya mara moja tu, sitarudia maneno haya kwa mtu aliyekuwa anachezea simu.

Tangu asubuhi mmeniwekea kipindi cha nyimbo za zamani mkidhani mnaniliwaza. Mnanichoma. Sasa hivi huyo mtangazaji wenu, ambaye mwaka ule hata wazazi wake walikuwa hawajajuana, amesema kwa mbwembwe, "Na huu ndio wimbo uliokuwa namba moja wa mwaka, Tabasamu la Jumatatu!" na nyinyi watatu mkaanza kutingisha vichwa na kuitikia kiitikio juu ya kichwa cha mgonjwa. Wimbo ule haukuwa namba moja. Haukuwa! Nani wa kunibishia? Chati ile niliipanga mimi, kwa mikono hii ambayo leo haiwezi hata kushika kikombe cha maji.

Mnajua nilikuwa karani wa redio, lakini kazi yenyewe hamkuwahi kuniuliza, mlikuwa mnangoja mshahara wa viatu vya shule tu. Basi jueni leo. Wasikilizaji walikuwa wanatuandikia postikadi, kila mtu wimbo mmoja, na kadi zote zilikuwa za aina moja, zile nyeupe za posta zenye mstari wa bluu. Mwaka wa kwanza tulizihesabu moja moja mimi na mwenzangu mpaka vidole vikatoka ngozi. Mwaka wa pili zikazidi, gunia juu ya gunia, ukumbi mzima wa ghorofa ya pili hakuna pa kukanyaga. Ndipo nikaazima mizani kwenye chumba cha vifurushi. Tukawa tunapanga mafungu sakafuni, kila wimbo na fungu lake, tunalifunga kwa uzi, tunaliweka kwenye mizani. Fungu zito, wimbo uko juu. Mkuu wa Vipindi alipoona akacheka, akasema, "Karani, wewe unauza nyimbo kama viazi." Lakini ilifanya kazi. Karatasi ni ileile, uzito ni uleule, hakuna fitina. Miaka sita nchi nzima ilikaa Ijumaa saa nane mchana kusikiliza mizani yangu inasema nini, na hakuna aliyejua kwamba ni mizani.

Usinirekebishie mto. Niko sawa.

Sasa, shangazi yenu. Najua mnaanza kuangaliana. Shangazi yenu ambaye yuko uani sasa hivi anaanika mashuka niliyoyachafua mimi, wiki ya tano hii, wakati nyinyi mnakuja na matunda kwenye mfuko na kuondoka kabla hayajaoshwa. Mwanamke huyo aliimba. Mnajua aliimba, ila mnajua kama mnavyojua kwamba babu alikuwa na baiskeli. Wimbo wake Kiti Chako Kipo ulitoka mwezi wa tatu, ukaingia kwenye chati ukiwa namba kumi na saba, na mimi nilishangaa kwa sababu ulikuwa na gitaa moja na sauti yake tu, wakati ule kila bendi ilikuwa na matarumbeta ya kuziba masikio. Wiki ya nne ukawa namba tisa. Mwezi wa saba ukaingia tano bora na haukutoka tena. Mafundi wa mitambo walikuwa wanauimba wakipanda ngazi. Mwanamume mmoja aliandika kwenye kadi yake kwamba tangu ausikie wimbo ule amemrudia mkewe. Kadi ile ninayo.

Na huyo mwenye Tabasamu la Jumatatu mnayemwita gwiji, sisi tulimwita Kinyozi, maana alikuwa anakata nywele mtaa wa nyuma ya redio kabla hajashika maiki. Mtu mwema kabisa. Nisije nikasikia mmemtukana. Hajui lolote mpaka leo, na akienda kupokea tuzo yake Jumapili kwenye maadhimisho ya redio ataipokea kwa moyo safi. Wimbo wake ulikuwa mzuri, ulichangamka, watu wa miji ya juu waliupenda sana.

Mwaka ule uongozi ukatangaza kwamba wimbo utakaoongoza chati ya mwisho wa mwaka, mwenyewe atapelekwa ng'ambo kurekodi santuri nzima, na kuzunguka miezi mitatu na bendi kubwa. Nchi ikachachamaa. Wiki ya mwisho tulipokea magunia kumi na moja. Na moja kati ya hayo, gunia la miji ya juu, lilisafirishwa juu ya basi bila turubai, likanyeshewa njia nzima.

Haya. Sasa jueni wengine nimewaambia nini miaka yote. Mama yenu alikufa akijua habari ya mvua. Nilimwambia mvua ilinyesha, gunia likalowa, kadi za Kinyozi nyingi zilikuwa humo, nikapima Ijumaa asubuhi kwa haraka, Kinyozi akapata kilo tisa na nusu, dada yangu akapata kilo nane na robo, mtangazaji akasoma, ikawa imekwisha. Jumamosi nikaingia ofisini peke yangu, kadi zimekauka, nikapima tena: Kinyozi kilo sita na robo. Sita na robo! Shangazi yenu palepale, nane na robo. Nikakimbia kwa Mkuu wa Vipindi, akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Karani, redio haijawahi kukosea. Rudi kwako ukapumzike." Mama yenu alinionea huruma. Alisema mvua ni ya Mungu.

Mama yenu alikuwa mtu mzuri. Nilimdanganya.

Acha kulia, binti yangu, hata sijafika. Nipe maji kidogo. Kidogo, nimesema, sijataka kuoga.

Nilijua kwamba zimelowa. Mnanisikia? Nilijua Ijumaa asubuhi. Nililishika fungu lile kwa mikono miwili, likaninyeshea mpaka kwenye viwiko, maji yakadondoka kwenye kiatu. Karani wa miaka sita hajui kadi mbichi? Kulikuwa na kamba ukumbini kwa kazi hiyohiyo ya kuanika, kulikuwa na feni mbili, kulikuwa na saa tano nzima kabla ya kipindi. Mwenzangu aliuliza, "Hizi hatuzianiki?" Nikamwambia, "Weka tu." Maneno mawili. Nimeyala maneno hayo mawili miaka arobaini na moja na hayajashuka tumboni.

Na kwa nini? Kwa sababu ya kitu kidogo, kitu cha aibu. Nyanya yenu alikuwa amepooza upande mmoja, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa anamwogesha, anamlisha, anamgeuza, miaka miwili bila kulalamika. Jumatano ya wiki ile alikuja kwangu, akakaa jikoni, mama yenu akampa chai, akaniambia kwa upole tu, "Kaka, nikishinda nitaenda. Zamu yangu nimeimaliza, sasa shika wewe." Nikapandwa na hasira. Mimi nimeoa juzi, nina kazi yenye tai, nianze kubeba beseni? Nikamwambia amejisahau, amevimba kichwa kwa sababu ya redio, redio ambako mimi ndiye ninayempigia chapuo. Akainuka, hakumaliza chai. Basi Ijumaa, fungu la Kinyozi linadondosha maji mikononi mwangu, nikamwona mama kitandani, nikajiona mimi na beseni, nikasema weka tu. Sikumchukia dada yangu. Nilikwepa beseni. Ndivyo mtu anavyouawa na nduguye, kwa uvivu!

Alimwogesha mama miaka tisa mingine. Alipomaliza, umri wa kuimba ukawa umepita, akaanza kushona sare za shule kwenye baraza la watu. Na sasa ananiogesha mimi. Jana asubuhi alinigeuza, akanifuta mgongo, huku anauimba wimbo wake polepole, na mimi nikauma mto huu, angalieni, alama za meno hizi hapa.

Na nyinyi! Nyinyi mnamwita nani? Semeni. Shangazi Namba Mbili. Mtaa mzima Namba Mbili, dukani Namba Mbili, watoto wenu walioanza kusema juzi nao Namba Mbili. Siku alipotimiza miaka sitini mkamchapishia fulana, maandishi mekundu kifuani, NAMBA MBILI WA MILELE, mkampa mbele ya wageni, na wewe kitinda mimba ukapiga picha ukaiweka kwenye hiyo simu yako inayohifadhi historia ya chati za watu usiowajua. Aliivaa. Akaivaa juu ya gauni lake zuri, akacheka mpaka mwisho wa sherehe. Nilitaka kuwacharaza mbele za watu. Lakini ningewacharaza kwa lipi? Jina lile nililitoa mimi. Ijumaa ileile jioni, mezani, yeye amekaa hajala, mimi nikajifanya nachangamsha watu, nikasema, "Mpisheni Namba Mbili apate mchuzi." Wakacheka wote. Naye akacheka. Tangu siku hiyo akisikia uchungu anacheka, na sisi hatujui tofauti.

Kwa hiyo hasira yangu msidhani ni ya ugonjwa. Nina hasira na nyinyi kidogo, na mimi nyingi.

Sasa shikeni wosia wangu. Nyumba hii haiuzwi shangazi yenu akiwa hai. Chumba cha mbele, kile chenye dirisha la mtaani, ni chake, awekewe humo cherehani yake na mtu asimwambie imejaa. Wewe kifungua mimba najua ulishapapima kwa macho upaweke ofisi yako ya bima, nilikuona. Papimue.

Madaftari yangu ya chati ni kumi na moja, yako ndani ya sanduku lililo miguuni pako wewe kitinda mimba, na ulikuwa umewaahidi watu wa redio kuwapelekea kwa ajili ya maadhimisho yao ya Jumapili. Ulikuja kuniuliza? Hukuja. Kuanzia leo ni ya dada yako, kwa kuwa ni mwalimu na anajua kusoma kabla ya kusema. Fungua la saba, binti yangu, nyuma kabisa, ukurasa wa mwisho. Kuna penseli nyekundu. Umeona? Vipimo vya Jumamosi, yale maneno "weka tu", saini yangu, tarehe. Niliandika nikakosa ujasiri wa kutangaza, lakini niliandika. Na mizani iko chini ya kitanda hiki, sikuirudisha kamwe chumba cha vifurushi. Mpeni dada yenu huyohuyo.

Kifungua mimba, ulikubali kwa niaba yangu nipewe cheti cha mtunza historia. Utaenda Jumapili. Utapanda jukwaani, hutachukua cheti, utausoma ukurasa ule mbele ya Kinyozi na mbele ya redio na mbele ya kila mtu, na maneno "weka tu" uyasome pia. Jana uliniambia, "Baba, watu wanataka burudani, hawataki ugomvi wa zamani." Mimi ndiye ninayeutaka. Ukiona haya, kumbuka fulana.

Maneno mengi haya... ngojeni. Ngojeni nipumue.

Mungu awalinde wanangu. Awape mikono ya kubeba mabeseni yenu wenyewe. Awape watoto watakaowauliza maswali mkiwa bado mna nguvu za kujibu. Mkigombana, gombaneni wiki ileile, msiweke akiba. Nimewasamehe fulana. Nami mnisamehe, mkiweza, si lazima leo.

Sasa mwiteni. Yuko uani. Mwiteni Shangazi, bila mkia. Dada yenu ainuke, kiti hicho ni cha shangazi yenu. Fungueni pazia... nataka nimwone.

Karibu, mdogo wangu. Hapana, shuka ni safi, sijaita kwa ajili ya shuka. Kaa. Kausha mikono tu, kaa.

Hii ni... hii ni chati ya nyimbo bora za mwaka. Mtangazaji wenu leo sauti yake imekauka, mtamvumilia. Namba tatu siikumbuki. Namba mbili... ni Tabasamu la Jumatatu, kilo sita na robo. Na namba moja...

Namba moja, kilo nane na robo, ni wewe. Ulikuwa wewe. Kadi zilikuwa mbichi, mdogo wangu, nilizishika, na nilijua, nilijua palepale... nikasema weka tu. Kwa sababu ya beseni la mama.

Nitukane. Nipige hata kofi, hawa hawatakuzuia. Mbona unanitazama hivyo... mbona midomo yako...

Usicheke. Nakuomba, mdogo wangu. Leo usicheke.