Tufagie au Fagieni

Fundi saa alikuwa amefumba macho ndani ya treni, lakini masikio hayana kope. Kwenye kiti cha mbele yake, binti aliyepandishwa cheo juzi kuwa msimamizi wa wafagizi hospitalini alikuwa akimlilia shangazi yake, mkuu wa wafua nguo wa hoteli moja.

"Nawaambia kwa upole, jamani, tufagie wodi. Hainuki mtu, Shangazi. Naishia kufagia mwenyewe."

"Si umesema tufagie? Na wewe umo, basi wanakungoja uanze. Mimi nasema fueni, na nguo zinafuliwa."

"Wanakuogopa."

"Waniogope. Mashuka ni meupe."

"Wangu wananipenda."

"Wakupende, na ufagio umeushika wewe." Shangazi akampangusa vumbi begani, taratibu, kama anayepangusa kioo.

Fundi saa, ambaye kwake hata paka hamtii, aliona wote wawili wamesema kweli.

Treni ikapunguza mwendo. Shangazi akabeba mfuko wake na wa binti, akasema kwa sauti ya chini, "Haya mwanangu, tushuke."

Binti akainuka. Fundi saa naye akajikuta amesimama, na kituo chake kilikuwa bado.